Siri ya kamati ilivyoishia steshenari: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea mwaka 2023 katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina yameondolewa, soko halitajwi, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha bila kugusa mtiririko. Katibu, ambaye kisa kinamwelemea kuliko wote, ameusoma mwandiko huu na kuruhusu utoke. Mimi niliingia kama mtu wa kuitwa: vikundi vinapokwama kwenye mambo ya simu huwa vinanipigia. Nalitaja hilo mapema kwa sababu sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Usuli

Wafanyabiashara wa soko hilo walitakiwa kupisha ujenzi. Wakaunda kamati ya watu 9 ya kujadiliana na upande wa mradi mambo mawili: nani atarudishiwa kizimba ujenzi ukiisha, na kila mmoja apewe kiasi gani cha kujikimu kwa miezi ya kukaa nje. Mwenyekiti ni mzee muuza nafaka, asiyependa simu. Katibu ni mama muuza vitambaa, mwenye subira ya kuandika mihtasari. Mjumbe mwingine, nitamwita Bwana M., anauza vipuri vya baiskeli. Shemeji yake ni dereva wa upande wa mradi. Habari ya shemeji ilijulikana tangu siku ya kwanza, Bwana M. mwenyewe ndiye aliyeisema alipochaguliwa.

Kazi zote zilifanyika kwenye kundi la WhatsApp. Humo zilikaa orodha za majina, picha za vitambulisho, rasimu za barua na mabishano ya saa tano usiku. Kuhusu usalama hakuna aliyekuwa na wasiwasi. "WhatsApp wenyewe hawawezi kusoma," kijana mmoja wa kamati aliwaambia wenzake, na hakukosea. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yanafumbwa mwisho hadi mwisho: ujumbe unafungwa kwenye kifaa cha anayetuma na kufunguliwa kwenye kifaa cha anayepokea, na huko katikati, kwenye seva, unapita kama maandishi yasiyosomeka.

Neno la kushika hapo ni "kifaa". Hakuna aliyesema "simu".

Kilichotokea

Mwezi wa nne kamati ilikaa kikao cha ndani na kukubaliana kiwango cha chini kabisa ambacho wangekipokea. Mezani wangetaja kikubwa zaidi, kisha washuke polepole, kama ilivyo biashara yoyote. Kiwango hicho kiliandikwa mara moja tu kwenye kundi, na katibu, ili waliokosa kikao wakijue.

Wiki ileile wakaenda mezani. Mwakilishi wa mradi alisikiliza dau lao, akatabasamu, akasema upande wake uko tayari kutoa kiasi fulani. Akakitaja kiwango chao cha siri hadi mia tano ya mwisho. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba pale alihisi kama mtu aliyevuliwa kanzu hadharani. Walitoka bila kusaini.

Jioni hiyo kila mtu alikuja na maelezo yake. Mmoja alisema simu zao zinasikilizwa. Mwingine alikuwa amesikia habari za Pegasus, ile programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli, ambayo mwaka 2019 ilipenyezwa kupitia WhatsApp kwenye simu za watu wapatao 1,400. Habari ni ya kweli, lakini silaha ya aina ile huuzwa kwa serikali na kuelekezwa kwa waandishi, mawakili na wanasiasa. Mtu anayebishania bei ya vizimba haihitaji. Hata hivyo kamati ilianza kukusanya simu zote kwenye ndoo kabla ya kila kikao, ndoo ikafunikwa kanga na kupelekwa chumba cha pili. Niliikuta ndoo hiyo ikiwa bado inafanya kazi siku nilipofika. Haikudhuru kitu, na haikuzuia kitu.

Maneno ya Pegasus yalidumu siku mbili. Siku ya tatu watu wakamkumbuka shemeji.

Bwana M. hakuitwa kikaoni wala hakuulizwa. Siku hizohizo kijana wa kamati alinipigia, akanieleza kwamba "WhatsApp yetu inavuja" na kuuliza wahamie wapi. Nilikuwa safarini. Nikamjibu kwa dakika tano hivi: hamieni Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, wekeni ujumbe ujifute baada ya wiki moja, na kila mtu aweke PIN. Wakahama. Kundi jipya la Signal lilikuwa na watu 8. Lile la WhatsApp waliliacha wazi, wakawa wanatuma salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba ili Bwana M. asishtuke.

Mwezi wa tano ukapita kimya. Wakaamini wamempata mtu wao.

Mwezi wa sita upande wa mradi ulijibu barua ya kamati kabla barua haijapelekwa. Sitanii: kamati iliandaa barua ya kurasa tatu, ikapitishwa kwenye Signal siku ya Jumanne, ikapangwa ipelekwe Ijumaa. Alhamisi likaja jibu la mdomo, kupitia mtu wa katikati, lenye hoja za kukanusha aya moja baada ya nyingine. Bwana M. hakuwa kwenye kundi hilo. Ndipo waliponiita tena, na safari hii nilikwenda.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Niliomba tuanze na daftari. Kurasa mbili: upande mmoja kila kitu tulichokuwa na hakika kimefika upande wa pili, upande mwingine kila kitu cha siri ambacho hakikufika. Ilituchukua saa mbili, chai na maandazi, na ubishi mwingi. Mwishowe picha ikajitokeza. Kabla ya kuhama, kilichovuja kilikuwa mazungumzo. Baada ya kuhama, mazungumzo hayakuvuja hata moja. Zilivuja nyaraka tu. Barua ile, kabla yake orodha ya majina, na muhtasari mmoja wa kikao. Jambo zito lililojadiliwa kwa maneno matupu kwenye Signal, ambalo lingewafaa sana wale wa upande wa pili, halikufika kwao.

Mtu anayetoa siri kwa makusudi hachagui nyaraka na kuacha maneno. Kwa hiyo tukaacha kuuliza nani, tukauliza nyaraka zinapita wapi ambako maneno hayapiti.

Katibu alijibu bila kusita, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake: "Si ninazichapisha?"

Utaratibu wake ulikuwa huu. Nyaraka ikipitishwa kwenye Signal, anaihifadhi kwenye simu, kisha anajitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, halafu anakwenda steshenari iliyo jirani na soko kutoa nakala 9. Kwa nini WhatsApp? Kwa sababu kompyuta ya pale ina WhatsApp. Mara ya kwanza alipokwenda, mwezi wa tatu, kijana wa dukani alimfungulia kimraba cha QR kwenye skrini, akamwambia akipige picha na simu yake, na faili likatokea kwenye kompyuta. Mara zilizofuata hakuhitaji hata hilo. "Walikuwa wananiambia, mama, wewe humu tayari upo, tuma tu."

Nilimwomba afungue WhatsApp kwenye simu yake, abonyeze vidoti vitatu juu kulia, aingie kwenye vifaa vilivyounganishwa. Alikuwa hajawahi kupafungua. Kilikuwepo kifaa kimoja: Google Chrome, Windows. Chini yake iliandikwa kwamba kimetumika leo asubuhi. Asubuhi hiyo katibu alikuwa nasi tangu saa mbili.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama waliweza kusoma na za nyumbani. Nikamwambia ndiyo, shikamoo za watoto, habari za kliniki, zote.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwa mjumbe aliyekuwa na picha aliyoletewa na rafiki wa rafiki, ikionyesha kile kiwango cha mwezi wa nne. Wote walikuwa wameiona wakasoma maneno yake tu. Tukaitazama upya. Ilikuwa picha ya skrini ya kompyuta iliyopigwa kwa simu, ina yale mawimbi ya mistari yanayotokea ukipiga picha skrini nyingine. Ujumbe wenye kiwango ulikuwa kulia, kwenye kiputo cha kijani. WhatsApp huweka kulia ujumbe wa mwenye akaunti. Wa wengine hukaa kushoto. Aliyekuwa amefunguliwa pale alikuwa katibu. Na pembeni mwa picha, kwenye fremu nyeusi ya kompyuta, kulikuwa na kipande cha solotepu ya njano. "Hiyo solotepu naijua," akasema.

Hapo kamati iligawanyika. Vijana wawili walitaka kifaa kiachwe kama kilivyo, kamati ianze kutuma habari za uongo na kuuona upande wa pili ukizimeza. Lilikuwa wazo tamu, na lingefanya kazi. Nililipinga kwa sababu moja: kila saa ambayo kompyuta ile ingebaki imeunganishwa, maisha ya katibu yangebaki wazi mbele ya watu asiowajua, na ni yeye tu ambaye angelipia mtego huo. Mwenyekiti akamuuliza katibu anataka nini. Akasema anataka kitoke sasa hivi. Tukapiga picha ukurasa ule wenye jina la kifaa na saa, tukaiweka kwenye simu mbili, kisha akakiondoa. Haikuchukua nusu dakika.

La pili lilikuwa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ingeweza kutajwa pia, maana zile zilikuwa picha za vitambulisho vya watu. Waliamua kutoshtaki. Kompyuta ile inatumiwa na vijana watatu kwa zamu, na mchana wateja wenyewe hukaa kwenye kiti na kushika mausi. Tulijua mlango, hatukumjua aliyeupita. Katibu naye hakutaka jina lake lisomwe mahali popote.

La tatu lilikuwa dogo na nililisukuma mimi. Kwa kuwa simu zilikuwa mezani, kila mjumbe alipiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mmoja alikuta laini asiyoijua. Haikuhusiana na kisa, ila laini ya jina lako mkononi mwa mtu mwingine ni ya kufuatiliwa, akaifuatilia.

Matokeo

Kuvuja kulikoma siku ile. Tulipima: nyaraka mbili zilizofuata zilichapishwa kwa kutumia flashi mpya, katibu akasimama pale hadi faili likafutwa, na upande wa mradi ukazipokea siku ya kupelekewa kama watu wanaoziona mara ya kwanza. Majadiliano yakaendelea, lakini kiwango cha chini kilichokwisha kujulikana hakirudi kuwa siri. Walichopata mwisho hakikupanda sana juu ya hapo.

Bwana M. aliambiwa yote kwenye kikao, na mwenyekiti mwenyewe. Mzee yule alisimama kumwomba radhi, jambo ambalo kwa umri wake hakulazimika kulifanya. Bwana M. akasema amesamehe.

Uchambuzi

Teknolojia yenyewe haikushindwa mahali popote. Ufumbaji ulifanya kilichoahidiwa: hakuna aliyesoma kitu njiani. Kompyuta ya steshenari ilipewa funguo zake halali na mwenye akaunti, kwa kidole chake, mchana kweupe. Tangu mwaka 2021 kifaa kilichounganishwa na WhatsApp hakihitaji simu iwe mtandaoni, kinapokea chenyewe. Akaunti moja inaweza kuwa na vifaa hivyo hadi vinne. Vinajitoa iwapo simu kuu haikutumika kwa siku 14, na simu ya katibu haikukaa hata saa 14 bila kutumika. Hakukuwa na chochote cha kuvunja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kuhamia Signal ulikuwa jibu la swali ambalo sikuliuliza. Tena una kichekesho ndani yake: ufumbaji wa WhatsApp umejengwa juu ya itifaki, yaani kanuni za kufunga na kufungua ujumbe, ileile ya Signal. Niliwahamisha kutoka kufuli hadi kufuli ya fundi yuleyule. Zipo tofauti za kweli baina ya programu hizi, nami bado naitumia Signal. Mwaka 2016 Signal iliamriwa na mahakama ya Marekani itoe taarifa za mtumiaji, na ilichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, basi. Kwa mtu anayeogopa nani ajue anaongea na nani na saa ngapi, hilo ni jambo kubwa. Kwa kamati hii halikuwa jambo. Mtu aliyekuwa akiwasoma hakuhitaji hati ya mahakama, alihitaji kukaa kwenye kiti.

Kuhama kulileta madhara mawili ambayo sikuyatarajia. Kulificha tatizo, kwa kuwa mwezi mmoja wa ukimya ulionekana kama ushahidi dhidi ya aliyeachwa nje. Ukweli ni kwamba mwezi ule hakukuwa na nyaraka ya kuchapisha. Na kuliigawa kazi ya katibu sehemu mbili: siri kwenye Signal, uchapishaji kwenye WhatsApp. Programu ngumu zaidi ikiwekwa mbele ya kazi ambayo lazima ifanyike, mtu mwenye kazi atatafuta uchochoro. Hakuwa mzembe. Ndiye pekee kati ya watu 9 aliyekuwa akibeba makaratasi, na sisi wote, mimi nikiwemo, hatukumuuliza anayabeba vipi.

Ile ya ujumbe kujifuta nayo ni ya kusemwa. Niliwaambia waweke wiki moja, wakaweka. Lakini inafuta kilicho ndani ya Signal. Faili lililokwisha kuhifadhiwa kwenye simu na kutumwa kwingine halifutiki, wala picha iliyopigwa kwa simu nyingine mbele ya skrini. Watu wengi wanaiona ile saa ndogo pembeni mwa ujumbe wanadhani ujumbe unakufa kila mahali.

Kilichofanya kazi ni daftari. Nimelitumia tena mara kadhaa tangu hapo, kwenye visa tofauti, na safu ya kisichovuja ndiyo inayozaa zaidi, ingawa watu huona taabu kuijaza. Akili iliyoumizwa hutaka kuhesabu majeraha. Kwa kamati hii, mstari mmoja wa safu hiyo ulimtoa Bwana M. hatiani kabla hata ya kugusa simu ya katibu. Mstari huo ungeweza kuandikwa tangu mwezi wa nne, maana hata wakati ule Bwana M. alikuwa anajua mambo ya kikao ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye kundi, na hayo hayakutoka.

Kama ningerudi kwenye ile simu ya dakika tano, ningeuliza mambo mawili tu kabla ya kutaja programu yoyote: nani kati yenu amewahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta, na nyaraka zenu zinachapishwa wapi. La kwanza linajibiwa na kila mtu kwa kufungua ule ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa mbele ya wenzake. La pili huwa linajulikana na mtu mmoja. Signal nayo ina ukurasa kama huo kwenye mipangilio, na unastahili kufunguliwa vilevile.

Upande ambao sina jibu lake zuri ni wa Bwana M. Akaunti ya katibu ilisafishwa kwa nusu dakika. Yeye alikaa miezi miwili kwenye kundi la salamu za Ijumaa akijua, alivyotuambia kikaoni, kwamba kuna kundi jingine. Alikuwa amegundua wiki ya pili, kwa sababu wenzake waliacha kubishana usiku. Sasa amerudishwa. Anahudhuria vikao vyote na michango yake analipa kwa wakati. Ila kwenye kundi hajaandika neno tangu arudi. Likitumwa jambo la kupitisha, anaweka dole gumba.